Kabla hujahamia Phoenix, pima kiangazi kwanza

Kila mwaka baridi inapoanza kuuma kule kaskazini, simu yangu haitulii. Ndugu walioko Ohio, Kentucky na Maine, na wengine kutoka nyumbani Tanga wanaotaka kuja kusoma, huuliza swali moja: "Dada, huko Phoenix kunakalika?" Wamechoka kusukuma theluji, wameona picha za mitende na anga lisilo na wingu, wamesikia kazi za maghala, uwanja wa ndege na viwanda zipo. Jibu langu ni refu mno kulituma kwa sauti ya WhatsApp, kwa hiyo naliandika hapa.

Kunakalika. Mimi nakaa, watoto wangu wanakulia hapa, na sina mpango wa kuondoka. Lakini mji wa jangwani kama huu wetu wa jimbo la Arizona, Marekani, una masharti yake. Anayekuja akiwa amepiga hesabu ya mshahara na kodi ya nyumba peke yake ameacha nusu ya hesabu. Phoenix inapimwa kwa miezi minne, Juni hadi Septemba: utaipitisha wapi, kwa kifaa gani cha kupoza nyumba, na bili italipwa na nani. Ukishajibu hayo, miezi minane iliyobaki ni neema.

"Sisi ni watu wa Afrika, joto tunalijua"

Kauli hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, na naisikia kwa kila familia mpya inayofika, iwe imetoka Tanga, Bujumbura au kambi ya Nyarugusu. Joto tunalolijua sisi ni jingine. Kwetu pwani siku kali ya Februari hufika nyuzi 33 au 34, jasho linakutiririka, jioni upepo wa bahari unakuja kukupumzisha. Hapa nyuzi 43 mwezi wa Julai ni siku ya kawaida. Tarehe 26 Juni 1990 ilifika 50. Mwaka 2023 joto lilifika au kupita nyuzi 43 kwa siku 31 mfululizo, na katika siku hizo kuna siku kipimo hakikushuka chini ya 36 usiku kucha. Usiku, nasema, si mchana. Lami na saruji ya jiji hili kubwa hunywa jua mchana kutwa, kisha huliachilia polepole hadi alfajiri. Ukitoka nje ya mji, jangwa lenyewe linapoa mapema kuliko mitaa yetu.

Kibaya zaidi, ni joto kavu. Jasho hukauka kabla hujaliona. Kule kwetu nguo iliyolowa ndiyo inayokuambia kaa kivulini, kunywa maji. Hapa ngozi iko kavu, unajiona mzima, unaendelea kupakua mizigo, kumbe mwili umeshapoteza maji mengi. Hata waliowahi kufanya kazi Maskati au Dubai, ambako unyevu wa bahari hukubana mara tu unapotoka mlangoni, hufika hapa wakasema hili ni jepesi. Si jepesi. Halijitangazi tu.

Katika kaunti ya Maricopa, ambayo ndiyo yenye Phoenix na miji inayoizunguka, watu 645 walikufa kwa sababu zinazohusiana na joto mwaka 2023, na mwaka uliofuata walipita tena 600. Wengi walikuwa watu wasio na makazi, na wazee. Wako pia waliofia ndani ya nyumba zao, na mara nyingi nyumba hizo zilikuwa na kiyoyozi, ila kibovu au kimezimwa. Naomba habari hiyo ya mwisho ikae kichwani mwa kila anayepanga kuokoa pesa ya umeme kwa kuzima kiyoyozi.

Kichwa kikiuma, ukasikia kichefuchefu, kizunguzungu au misuli kukaza, acha kazi, ingia penye ubaridi, kunywa maji pamoja na kitu chenye chumvi. Ukimwona mwenzako anaongea yasiyoeleweka, hajui alipo au anaanguka, usingoje apumzike: piga 911, namba ya dharura, kisha mmwagie maji na umpepee mpaka wafike. Msimamizi wa kazi akikuambia vumilia kidogo, usimsikilize. Najua ugumu wa kumkatalia bosi wakati ndiyo kwanza umepata kazi, na bado nasema usimsikilize.

Nyumba: uliza kiyoyozi kabla ya kuuliza kodi

Ukienda kuangalia nyumba ya kupanga, nenda alasiri, wala si asubuhi. Washa kiyoyozi, kaa nusu saa, sikiliza kama kinazima na kuwaka vizuri, weka mkono penye tundu la hewa. Angalia madirisha yanatazama wapi. Chumba chenye dirisha kubwa la magharibi hupigwa jua kuanzia saa nane hadi machweo, na utakilipia chumba hicho kwenye bili kila mwezi. Ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa, ndiyo yenye joto zaidi. Tazama pia kama kuna mti wowote nje. Mitaa ya watu wa kipato kidogo kusini na magharibi mwa jiji, Maryvale kwa mfano, ina miti michache kuliko mitaa ya wenye nacho, na huko ndiko familia zetu nyingi hupangishiwa zinapofika. Inaniuma kila ninapopita na kuona mama na watoto wamesimama kituo cha basi, kivuli chao ni cha nguzo ya taa.

Ziko nyumba za zamani ambazo badala ya kiyoyozi zina mashine inayopuliza hewa kupitia pedi zilizoloweshwa maji. Mashine hiyo hutumia umeme kidogo, na mwezi wa Juni, hewa ikiwa kavu kabisa, inapoza vizuri. Shida huja Julai na Agosti mvua zinapoleta unyevu: inapuliza hewa ya vuguvugu na nyumba nzima inanata. Mimi nisingepanga nyumba yenye mashine hiyo peke yake nikiwa na mtoto mchanga au mzee.

Zijue haki zako. Sheria ya jiji la Phoenix inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha yenye kiyoyozi ahakikishe kinaweza kushusha joto la vyumba hadi 82 kwa kipimo cha Fahrenheit wanachotumia hapa, yaani nyuzi 28, au chini ya hapo. Kwa mashine ya maji, kiwango ni 86, yaani nyuzi 30. Kiangazi kimoja kiyoyozi chetu kilikufa katikati ya Julai, na kila nikipiga simu ofisini naambiwa fundi anakuja kesho. Nilichofanya ni kununua kipimajoto cha ukutani, nikakipiga picha kikionyesha 96 ya Fahrenheit sebuleni, yaani nyuzi 36 hivi, nikaituma kwa meneja kwa maandishi pamoja na tarehe na saa, na kutaja sheria ya jiji. Fundi alifika. Maneno ya mdomo hayana ushahidi, na ofisi nyingi zinajua wageni hawaandiki.

Bili ya umeme ya kiangazi inaweza kuwa mara mbili au tatu ya ile ya Machi. Makampuni ya umeme huuza kwa bei ya juu saa za alasiri na jioni, kwa hiyo sisi hupoza nyumba sana kuanzia asubuhi, tukafunga mapazia mazito, kisha tukaongeza nyuzi kidogo saa ya bei ghali inapofika. Kufua na kuoka tunaacha hadi usiku. Makampuni yanayosimamiwa na tume ya jimbo yamewekewa masharti ya kutokatia watu umeme wakati wa joto kali; yaliyochagua kufuata kalenda hayakati kuanzia Juni 1 hadi Oktoba 15. Lakini deni halifutwi, linakungoja vuli. Ukiona limekushinda, nenda mapema kuomba msaada wa bili kwenye ofisi za huduma za jamii, usisubiri barua nyekundu.

Gari, lami na miguu ya watoto

Phoenix ni pana na imejengwa kwa ajili ya gari. Ipo treni ya mjini iliyoanza mwaka 2008, nayo ni nzuri ukiwa unaishi na kufanya kazi karibu na njia yake. Nje ya hapo, mtu asiye na gari hupata taabu mara mbili: muda, na jua la kungojea basi. Ukiweza kuchagua nyumba ya bei kidogo juu lakini karibu na reli, chagua hiyo.

Betri za magari hazidumu hapa. Fundi akikuambia miaka miwili au mitatu, hakudanganyi. Beba maji garini kila siku, hata kama unakwenda dukani tu, maana gari likizima barabarani saa tisa alasiri unakuwa hatarini mara moja. Weka taulo juu ya kiti cha mtoto ukiegesha. Ile buko ya chuma ya mkanda inaweza kumwachia mtoto alama ya kuungua pajani. Mimi huigusa kwanza kwa mgongo wa kiganja kabla sijamfunga. Na mtoto haachwi ndani ya gari hata kidogo, hata dirisha likiwa wazi, hata "naingia naja".

Lami ya mchana hufika nyuzi 70 na kupita. Hospitali za hapa hulaza watu walioungua kwa kuanguka tu barabarani. Ile tabia yetu ya watoto kukimbia peku hadi kwa jirani ifutike kabisa kuanzia Mei.

Kinachonifanya nibaki

Nimeanza na mabaya kwa sababu ndiyo yanayoua. Sasa nieleze upande wa pili, maana naupenda mji huu kwa dhati.

Novemba hadi Aprili hakuna mji wa Marekani ninaoujua wenye hali ya hewa kama hii. Januari mchana ni nyuzi 19 au 20, usiku unataka blanketi, jua lipo karibu kila siku. Watoto wanacheza nje wakati wenzao wa Ohio wamefungiwa ndani. Harusi, ubatizo, maulidi, yote hufanyika uani bila hema. Miti ya machungwa na malimau imejaa kwenye nyua za watu, na Februari maua yake yakianza kufunguka, mtaa mzima unanukia. Matajiri wa majimbo ya baridi huja hapa kila mwaka kuikimbia theluji. Sisi tunayapata hayo bila kusafiri.

Arizona haibadilishi saa, isipokuwa katika ardhi ya Wanavajo kaskazini. Linaonekana jambo dogo, lakini kwa mtu mwenye mama Tanga ni faraja: tofauti yetu na nyumbani ni saa 10 mwaka mzima. Huku saa moja asubuhi, kule saa kumi na moja jioni, naye anajua ndio wakati wangu wa kupiga.

Chakula nacho hakitupi tabu. Wamexico wamejaa hapa na maduka yao yana nusu ya sokoni kwetu: ukwaju, choya, mihogo, ndizi mbichi, maembe, nazi, maharage ya kila rangi. Angalizo moja kwa wageni: ule unga wao wa masa umetokana na mahindi yaliyochemshwa na chokaa, na ugali wake hauwi ugali. Tafuta unga mweupe wa kawaida kwenye maduka ya Waafrika.

Na bustani! Watu hudhani jangwa haliotishi kitu. Linaotesha, ila kalenda imegeuka juu chini. Sukuma wiki napanda Oktoba na tunachuma hadi Aprili. Nyanya zinaingia udongoni Februari au mapema Machi, tunavuna hadi Juni. Baada ya hapo usiku wenye joto huangusha maua na hakuna tunda. Kiangazi ni zamu ya mchicha, bamia, kunde na matembele, mboga zetu zenyewe, ambazo majirani hushangaa kuziona zikistawi nyuzi 42. Jirani yangu, mama wa Kikongo, humwagilia saa kumi na moja alfajiri kwa bomba jembamba lililotobolewa, kwenye shina, tone kwa tone, na juu amefunga wavu wa kivuli kwenye fito nne. Ukichimba, futi moja tu chini utakuta tabaka gumu la chokaa ambalo jembe linadunda. Jenga matuta ya juu kwa udongo na mboji, usishindane nalo.

Jangwa lenyewe ni zuri, na hili hulijui mpaka ulitembelee asubuhi ya Machi baada ya mvua ya kipupwe. Maua ya njano yanafunika vilima, na ile midungusi mirefu, saguaro, imesimama kwa hesabu ya makumi ya miaka. Usithubutu kuikata, inalindwa na sheria. Kiangazi kikikushinda, Flagstaff iko mwendo wa saa mbili na kitu kwa gari, juu mita 2,100, yenye misonobari na hewa ya Lushoto. Sisi huenda na sufuria la pilau, tunarudi jioni.

Vumbi, mvua na homa ya bonde

Kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba ni msimu wa mvua za radi. Kwa mwaka mzima Phoenix hupata milimita 180 hivi tu, lakini mvua hiyo huja kwa kishindo. Kabla yake huweza kuja ukuta wa vumbi, haboob, kama ule wa tarehe 5 Julai 2011 uliofunika jiji zima. Ukikukuta barabarani: toka kabisa nje ya njia, simama, zima taa zote, toa mguu kwenye breki. Ukiacha taa zikiwaka, gari la nyuma litakufuata likidhani uko njiani. Na makorongo makavu yanayokatiza barabara usiyavuke yakiwa na maji, hata ukiona kina ni kidogo. Ukipuuza kizuizi kilichowekwa ukahitaji kuokolewa, sheria ya jimbo inaruhusu ulipishwe gharama.

Kuhusu vumbi kuna jambo ambalo wengi wetu hatuambiwi. Udongo wa jangwa hili una kuvu ambao ukivutwa na pumzi huleta ugonjwa unaoitwa homa ya bonde. Wengi hawaumwi, au hupata kama mafua yakapita. Wengine hupata kikohozi, homa, maumivu ya kifua na uchovu wa wiki nyingi. Watu wenye asili ya Afrika, wajawazito, wenye kisukari na wenye kinga dhaifu wako katika hatari zaidi ya kupata aina kali inayosambaa mwilini. Dalili zake hufanana na nimonia au kifua kikuu, na daktari anayeona kuwa umetoka Afrika anaweza kuanza kutafuta kifua kikuu kwanza. Kikohozi kikikaa zaidi ya wiki moja au mbili, omba wazi wazi kipimo cha damu cha homa ya bonde. Hauambukizi kutoka kwa mtu hadi mtu, na dawa zipo.

Nge wapo. Kung'uta viatu, sogeza kitanda cha mtoto mbali na ukuta, nunua tochi ya mwanga wa zambarau, maana nge hung'aa chini ya mwanga huo. Inatosha.

Je, maji yataisha?

Naulizwa hili sana. Maji yetu hutoka Mto Salt na Mto Verde, ardhini, na Mto Colorado kupitia mfereji wenye urefu wa kilomita 541 uliojengwa kuanzia 1973 hadi 1993. Kabla ya hayo yote Wahohokam, wenyeji wa kale wa hapa, walichimba mifereji mirefu ya kumwagilia, na wazao wao, Wao'odham, bado wako nasi. Kwa hiyo kuishi hapa kwa mifereji si jambo jipya. Lakini Mto Colorado umepungua kweli: upungufu rasmi ulitangazwa Agosti 2021, na kuanzia 2022 mgawo wa Arizona ulikatwa, wakulima wa kaunti ya Pinal wakaumia kwanza. Mwaka 2023 jimbo likaacha kuidhinisha mitaa mipya inayotegemea maji ya ardhini peke yake pembezoni mwa Phoenix. Kwa mpangaji, bomba linatoa maji kila siku, na kiangazi hata lile la baridi hutoka moto. Kwa anayetaka kununua nyumba, hasa pembezoni ambako bei ni nafuu, uliza maji yanatoka wapi na upate jibu kwa maandishi kabla ya kutoa hata dola moja.

Nani aje, na aje lini

Kama una kazi ya ndani au zamu ya usiku, gari linaloaminika, na bajeti inayobeba bili ya Julai bila kuzima kiyoyozi, njoo. Kama kazi uliyoahidiwa ni ya juani na nyumba ni ya kushirikiana na watu wanane wenye mashine moja mbovu, afadhali ubaki ulipo hadi upate jingine, au utazame Tucson, ambako ni juu kidogo na joto hupungua kwa nyuzi chache. Wenye pumu wajue pia kuwa hewa ya kiangazi hapa huwa chafu. Waongee na daktari kabla.

Ukiweza kuchagua mwezi, njoo Oktoba. Utakuwa na miezi saba ya kupata kazi, kununua gari, kujua mtaa na kuweka akiba ya kiangazi. Na kama unamleta mzazi kutoka nyumbani kuja kukutembelea, mkatie tiketi ya Novemba hadi Machi. Wazee wetu hawapendi kusema kiu, hawapendi kiyoyozi, na wakibaki peke yao mchana hukizima na kufungua dirisha. Ikibidi awepo Julai, apatikane mtu wa kukaa naye, au umpigie simu kila baada ya saa chache umuulize amekunywa nini na sebuleni pana nyuzi ngapi.